Kabla ya Kuomba Nafasi ya Utafiti katika Jenomiki ya Mazao

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Februari hivi, vijana waliomaliza shahada za kilimo, botania na bayoteknolojia huniandikia kuuliza kuhusu matangazo ya nafasi za utafiti zenye ufadhili katika jenomiki ya mimea, yaani uchunguzi wa jenomu (DNA yote ya kiumbe), na mageuzi ya mazao. Wengi huuliza jambo moja: je, naweza kuchaguliwa? Swali hilo ni halali, lakini kwa maoni yangu linatanguliwa na jingine, nalo ni kama nafasi yenyewe inafaa kuombwa: nani analipa, analipa nini, kwa muda gani, na swali la utafiti linalolipiwa limetoka kwa nani. Nimekaa katika taaluma hii, kwanza nyumbani Tanzania na sasa katika maabara ya Ulaya inayochunguza mtama, muda wa kutosha kuona watu wenye vipaji wakitaabika kwa miaka kwa kuwa walisoma kichwa cha tangazo na jina la nchi, wakaziruka aya za mwisho.

Ni vyema kwanza kujua kwa nini nafasi hizi zipo. Jenomu ya kwanza ya mmea kusomwa ilikuwa ya Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya kabichi lisilo na thamani yoyote sokoni, iliyochapishwa mwaka 2000. Jenomu ya mpunga ilikamilika 2005, za mtama na mahindi zikatoka 2009, ya ndizi 2012. Ngano ilisubiri hadi 2018, kwa sababu jenomu yake ina takriban herufi bilioni 16 za DNA, zaidi ya mara tano ya jenomu ya binadamu, na ndani yake mmekaa pamoja jenomu za nyasi tatu za kale zilizochanganyika. Gharama ya kusoma DNA ilipoporomoka, mambo yaligeuka. Taasisi ya IPK ya Gatersleben nchini Ujerumani, ambayo benki yake ya mbegu huhifadhi sampuli takriban 150,000, ilikuwa mstari wa mbele katika kazi ya jenomu ya shayiri iliyochapishwa 2017. Mwaka 2020 zikatolewa jenomu 20 za aina mbalimbali za shayiri, na 2024 zikafika 76. Data sasa ni nyingi kuliko watu wenye uwezo wa kuichambua. Kiongozi wa maabara akiomba ruzuku, sehemu kubwa ya fedha anazoomba ni za kulipa wanafunzi wa uzamivu na watafiti waliomaliza uzamivu karibuni, kwa sababu bila wao mradi hauna mikono. Mwombaji anayelijua hili huandika barua yake kama mtu anayekwenda kufanya kazi inayohitajika, na tofauti hiyo huonekana tangu sentensi ya kwanza.

Sasa, kazi yenyewe ni ipi? Mageuzi ya mazao ni taaluma inayouliza jinsi mmea wa mwituni ulivyogeuka kuwa zao, wapi, mara ngapi, na ni jeni zipi zilizobadilika njiani. Chukua mtama. Mtama wa mwituni hupukutisha punje zake zikishakomaa, jambo linaloufaa mmea lakini linalomnyima mvunaji. Watu wa kale walivuna na kupanda tena punje zilizobaki kwenye suke, na vizazi vilivyofuata vikawa havipukutishi. Ushahidi wa zamani wa badiliko hilo umepatikana Butana, mashariki mwa Sudan, katika alama za punje zilizobaki kwenye vigae vya vyungu vya takriban miaka 5,000 iliyopita. Kwa upande wa vinasaba, utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba jeni inayoitwa Sh1, inayohusika na kupukutika, ilipoteza kazi yake kwa njia tatu tofauti katika aina za mtama zinazolimwa. Tatu, wala si moja. Mtu akiliona hilo anaanza kutilia shaka hadithi ya mkulima mmoja wa kwanza katika kijiji kimoja, na anakumbuka kwamba mtaalamu wa mazao Jack Harlan alikwisha kuandika mwaka 1971 kuwa Afrika haiingii vizuri katika nadharia ya vitovu vya asili ya mazao aliyoianzisha mwanasayansi wa Urusi Nikolai Vavilov katika miaka ya 1920, kwa kuwa mazao yetu yalitokea katika ukanda mpana usiokuwa na kitovu kimoja.

Mfano mwingine uko karibu zaidi nasi. Ndizi za Mchare, zinazolimwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, zina seti mbili za kromosomu, ilhali Cavendish, ndizi inayojaza maduka ya Ulaya na Marekani, ina seti tatu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mbili kati ya seti hizo tatu zilichangiwa na mzazi wa ukoo mmoja na Mchare wetu, ingawa wazee wa mwituni wa ndizi zote hizi ni wa Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya jirani. Ndizi za kupika za nyanda za juu, zile za Kagera na za Uganda ziitwazo matooke, zina makumi ya majina, na wakulima huzitofautisha kwa rangi ya mgomba, umbo la mkungu na ladha. Hata hivyo DNA yao inakaribiana kiasi kwamba watafiti wanaamini zilitokana na mche mmoja wa kale uliozalishwa kwa machipukizi kwa karne nyingi. Tofauti zote hizo zilitoka wapi, ikiwa chanzo ni kimoja? Hapo pana utafiti wa uzamivu kamili, na anayeweza kuufanya vizuri ni yule anayejua kuziita ndizi hizo kwa majina yake shambani.

Niseme pia kuhusu fiwi, jamii ya kunde ambayo Wakenya wengi huijua kama njahi na watu wa Arusha na Kilimanjaro kama ngwara. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Communications na ushirikiano ulioongozwa na Waafrika, ambamo watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyopo jijini Nairobi, walikuwa na nafasi kubwa. Walitumia mashine ndogo ya kusoma DNA inayotoshea kiganjani, wakaunganisha jenomu hadi kiwango cha kromosomu, wakachunguza mpangilio wa jeni za vizuizi vya tripsini vinavyopunguza uyeyushaji wa protini mwilini, kisha wakalinganisha fiwi za mwituni na zinazolimwa na kuthibitisha kwamba zao hili lilitolewa mwituni na kuanza kulimwa mara mbili, katika matukio mawili yasiyotegemeana. Makala ile inaeleza pia jinsi watafiti vijana walivyofundishwa uchambuzi wa data kama sehemu ya mradi wenyewe. Ninaitumia kama kipimo. Tangazo linalonuia kuchunguza zao la Afrika, na ambalo halisemi ni nani katika Afrika atajifunza kuichambua data hiyo, nalisoma mara mbili kabla ya kumshauri mtu aliombe.

Kuhusu aina za fedha, tofauti ni kubwa kuliko matangazo yanavyoonyesha. Nchini Ujerumani, mwanafunzi wa uzamivu katika maabara nyingi za mimea ni mwajiriwa: ana mkataba, bima ya afya na michango ya pensheni, na mshahara wake mara nyingi ni asilimia 65 ya daraja la E13 katika ngazi za utumishi wa umma. Asilimia hiyo huwashangaza wengi, kwa sababu kazi inayotarajiwa ni ya siku nzima, lakini mtu mmoja asiye na familia huishi nayo katika miji mingi bila shida kubwa. Uingereza ni habari nyingine. Fedha za baraza la utafiti la UKRI hulipwa kama posho ya kujikimu isiyokatwa kodi, mwanafunzi hahesabiwi kuwa mwajiriwa, na tangu 2021 wanafunzi wa kimataifa wanaruhusiwa kupata ufadhili huo ila hawapaswi kuzidi asilimia 30 ya wanaopokelewa. Ada ya mwanafunzi wa kimataifa huwa kubwa kuliko ya mwenyeji, kwa hiyo ni lazima kuuliza kwa maandishi ni nani atakayelipa tofauti hiyo. Marekani humpokea hata mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, humsamehe ada na kumlipa kwa kazi ya kufundisha au kusaidia utafiti, na humweka masomoni miaka mitano au zaidi. Kwa kijana ambaye hakupata msingi mzuri wa takwimu na jenetiki, miaka hiyo ya madarasa ni faida kubwa, ingawa aliyekwisha kumaliza uzamili wake vizuri anaweza kuiona ni mirefu mno.

Mitandao ya uzamivu ya Umoja wa Ulaya, ile ya Marie Skłodowska-Curie, inastahili aya yake. Hulipa mshahara mzuri kwa mkataba wa ajira, hurekebisha kiasi kwa gharama za maisha za nchi husika, huongeza posho ya kuhama na ya familia, na humpeleka mtafiti kukaa kwa muda katika taasisi nyingine za mtandao. Uraia si kikwazo. Kikwazo ni sharti la kuhama: mwombaji asiwe ameishi au kufanya shughuli zake kuu katika nchi ya mwajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia kuajiriwa kwake. Maana yake ni kwamba aliyetoka tu kusoma uzamili wa miaka miwili Ujerumani hawezi kuchukua nafasi ya mtandao huo Ujerumani, hata kama maabara inamtaka, ilhali mwenzake aliyebaki Morogoro au Njoro anaweza. Watu wengi hawalijui hili mpaka wanapopokea barua ya kukataliwa. Sharti lenyewe linafanana katika ufadhili wa baada ya uzamivu wa jina hilohilo, ambao huwafaa waliopata uzamivu wao ndani ya miaka minane, na ambao tarehe yake ya mwisho kwa kawaida huwa Septemba. Huo ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mwombaji huandika mradi wake mwenyewe pamoja na maabara itakayompokea, na swali la utafiti huwa lake tangu mwanzo.

Kuna fedha zilizo karibu na nyumbani, nazo hudharauliwa bila sababu. Kituo cha WACCI katika Chuo Kikuu cha Ghana, kilichoanzishwa 2007, na kile cha ACCI katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kilichotangulia mwaka 2002, vimetoa wagunduzi wengi wa mbegu, yaani watafiti wanaozalisha aina mpya za mazao, wanaofanya kazi leo katika taasisi za kilimo za Afrika. Utaratibu wa ACCI una busara ambayo vyuo vingi vya Ulaya havina: mwanafunzi hukaa chuoni takriban miaka miwili, kisha hurudi nchini kwake kufanya utafiti wa shambani kwa miaka mitatu, katika udongo na mvua za mahali ambapo mbegu yake itapandwa. Makerere ina kituo cha kikanda cha uboreshaji wa mazao, MaRCCI. Nairobi, kituo cha BecA kilichopo ILRI kimewapa watafiti wa ukanda huu nafasi za muda mfupi za kutumia maabara zake kupitia mpango wa ABCF, na tangu Desemba 2013 kumekuwa na Chuo cha Uboreshaji wa Mimea cha Afrika, kinachowaongezea ujuzi wa jenomiki wagunduzi wa mbegu ambao tayari wako kazini. Nikiulizwa waziwazi, nasema hivi: anayetaka kutoa aina mpya ya mtama au mhogo itakayofika kwa mkulima ana sababu nyingi za kubaki Afrika, na anayetaka kuchunguza historia ya mazao kwa jenomu mamia kadhaa atahitaji, kwa muda fulani, kundi kubwa la wachambuzi na kompyuta zenye nguvu, ambavyo kwa sasa hupatikana kwa urahisi zaidi kwingineko. Kuchanganya njia hizo mbili kunawezekana, na wapo waliofanya hivyo kwa mafanikio.

Nimewahi kuombwa kusaidia kupitia maombi ya nafasi kama hizi, na ninaweza kueleza kinachoyaangusha mengi. Barua huanza kwa kusifu chuo, huendelea kwa kuorodhesha mbinu za maabara ambazo kila mwanafunzi wa bayoteknolojia duniani amezifanya, na humalizia kwa matumaini ya kuisaidia nchi. Barua hiyo ingeweza kutumwa kwa maabara ya malaria bila kubadilishwa ila jina. Inayobaki mezani ni ile ambayo mwandishi wake amesoma makala mbili za kundi husika na kusema, kwa sentensi tatu au nne zilizo wazi, ni jambo gani halijaelezwa humo na yeye angelichunguzaje. Si lazima awe sahihi. Mwombaji mmoja aliandika kwamba mashamba ya nyumbani kwao huwa na mtama unaopukutisha ukiota kandokando ya mtama unaolimwa, na kwamba wakulima hung'oa baadhi na kuacha baadhi. Akauliza kama jeni za mwituni haziingii katika mbegu kila msimu kwa njia hiyo. Hakuwa na makala hata moja iliyochapishwa. Tulimwita kwenye usaili.

Upande wa uchambuzi wa data ndio wanaouogopa wengi, na hapa sina budi kuwa mkali kidogo, kwa sababu kisingizio cha kukosa vifaa kimepungua nguvu. Data ghafi za jenomu zilizochapishwa huwekwa katika hifadhi za umma, kama ile ya NCBI ya Marekani na ile ya Ulaya iitwayo European Nucleotide Archive, na yeyote anaweza kuzipakua bure. Asiyekuwa na kompyuta yenye nguvu anaweza kutumia jukwaa la Galaxy, ambalo seva yake ya Ulaya husimamiwa kutoka Freiburg na humpa mtumiaji yeyote aliyejisajili nafasi ya kuchambua kupitia kivinjari. Kijana akichukua data ya mtama au kunde iliyokwisha kuchapishwa, akarudia hatua moja ya uchambuzi wa makala kwa lugha ya kompyuta ya R au kwa amri za Linux, akaweka programu yake mahali inapoweza kusomwa, atakuwa ametoa ushahidi mzito kuliko cheti cha warsha ya siku tatu. Najua intaneti ni ghali na umeme hukatika. Ndiyo maana nasema hatua moja, wala sisemi makala nzima.

Barua za wadhamini nazo hupuuzwa. Profesa mwenye wanafunzi mia moja ataandika kwamba mwombaji ni mwenye bidii na nidhamu, na maneno hayo hayamwambii msomaji lolote. Mpelekee mdhamini wako tangazo lenyewe, ukurasa mmoja wa kazi uliyofanya chini yake, na tarehe ya mwisho iliyo wiki moja kabla ya tarehe halisi. Ni heri barua ya mhadhiri kijana aliyekuona ukihesabu masuke shambani kuliko ya mkuu wa idara asiyekukumbuka. Kuhusu ada, vyuo vya Marekani hutoza ada ya maombi na mara nyingi hukubali kuisamehe ukiomba mapema kwa heshima, lakini mwajiri wa nafasi ya utafiti hamtozi mwombaji chochote; anayedai pesa ili kushughulikia mkataba ni tapeli.

Suala la mwisho ni sampuli, na ndilo lisiloulizwa karibu kabisa. Miradi mingi ya mageuzi ya mazao inahitaji mbegu au majani kutoka Afrika. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za vinasaba vya mimea, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004, uliweka utaratibu wa pamoja wa kubadilishana mbegu za mazao yaliyoorodheshwa humo, yakiwemo mtama, ulezi, kunde, mhogo na ndizi. Yasiyokuwemo, pamoja na jamaa wengi wa mwituni, huangukia chini ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, inayodai idhini ya nchi yenye rasilimali na makubaliano ya kugawana faida. Data ya DNA inayosafiri bila mbegu yoyote ilibaki na utata kwa muda mrefu, hadi nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilipoanzisha Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, ili kampuni zinazonufaika na data hiyo zichangie.

Kwa mtafiti kijana haya yote hugeuka kuwa miezi. Tanzania utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA; Kenya utakwenda NACOSTI na KEPHIS; na taasisi inayotunza mbegu, iwe Arusha au Muguga, itataka makubaliano ya kuhamisha sampuli yaliyosainiwa na pande zote. Mkataba wa miaka mitatu ambao mpango wake unaanza kuhesabu mavuno ya kwanza katika mwezi wa sita hauwezi kutekelezeka kama vibali havijaombwa bado, na anayebeba hasara ni mwanafunzi, kwa kuwa mshahara humalizika kabla ya tasnifu. Kwa hiyo unapofika kwenye usaili na kuambiwa uulize maswali, uliza kama sampuli ziko mkononi au bado ziko shambani, nani ameomba vibali na kwa jina la nani, taasisi ipi ya nchi zinakotoka imo katika mradi, na kuna fedha gani za kuongeza muda msimu mmoja ukipotea. Maabara iliyojiandaa hujibu kwa majina ya taasisi na tarehe. Ikijibu kwamba mambo hayo wewe ndiye utakayeyashughulikia kwa kuwa unatoka huko, omba yaandikwe katika majukumu ya mkataba, yakiwa na muda na bajeti yake.